Kisu Kidogo Kikae Wapi?

Mwanamume wa Kiturkana wa zamani alivaa kisu chake kwenye kifundo cha mkono. Kilikuwa duara la chuma lenye uwazi upande mmoja wa kupenyezea mkono. Ukingo wa ndani, ule unaogusa ngozi, mhunzi aliuacha butu na laini. Ukingo wa nje ulinolewa karibu mzunguko mzima, kisha makali yakavishwa ukanda wa ngozi ulioyakumbatia kote. Wenyewe hukiita abarait. Nyama ikija, ukanda wa ngozi huvuliwa, kazi ikafanyika, ukarudishwa mahali pake.

Kwenye makumbusho ya Ulaya visu hivi huwekwa kabati moja na mikuki na ngao, na ni kweli vilitumika vitani. Lakini mtazame mwenye nacho. Anachunga mifugo kutwa nzima katika nchi kame ya kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mkono mmoja una fimbo au mkuki. Mwingine una ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kuegemeza kichwa. Vazi lake ni shuka iliyofungwa begani. Mshipi hana, mfuko hana. Pale kifundoni kisu hakidundi akikimbia, hakimchomi tumbo akiinama kukamua, na hakiwezi kudondoka kwenye majani. Wakaramojong wa Uganda na Watoposa wa Sudan Kusini, ambao nao ni wafugaji, walivaa vya namna hiyohiyo. Tena Waturkana walikuwa na kingine kidogo zaidi, pete ya chuma yenye ncha iliyopinda, iliyokaa kidoleni.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu visu huanzia kwenye makali: chuma gani, umbo gani, mhunzi nani. Mimi naamini nusu ya historia hiyo imo kwenye ala, kamba na pindo la nguo. Mhunzi hodari hufua kisu kidogo kwa muda mfupi tu. Kukaa nacho toka alfajiri hadi usiku bila kuchubuka, bila kujikata na bila kukipoteza ndilo jambo lililowatoa watu jasho kwa maelfu ya miaka, na kila walipobadili nguo iliwabidi walianze upya.

Ushahidi wa zamani wa jasho hilo ulitokea tarehe 19 Septemba 1991, pale Helmut na Erika Simon, mume na mke kutoka Ujerumani waliokuwa wakitembea katika milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, walipoona maiti imejitokeza kwenye barafu. Mtu huyo, ambaye dunia sasa inamwita Ötzi, alikufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na kisu cha jiwe gumeshi chenye mpini wa mti, urefu wake wote ukiwa kama sentimita 13 tu. Kisu chenyewe ni cha kawaida. Kinachonishangaza ni ala yake, iliyosukwa kwa nyuzi za gome la mti mithili ya mkeka mdogo, ikiwa na kitanzi cha ngozi cha kuifungia kwenye mshipi. Mtu aliketi akaisuka kwa subira ili kisu cha jiwe kimkae mwenzake kiunoni bila kumkwaruza. Vyote viwili vimehifadhiwa Bolzano, kaskazini mwa Italia, pamoja na mwenyewe.

Kiuno kikaendelea kuwa mahali pa kwanza karibu kila penye mshipi. Wamaasai walitundika simi yao upande wa kulia katika ala ya ngozi nyekundu. Mgema wa pwani yetu hupanda mnazi na kotama yake kiunoni, kwa kuwa mikono na miguu yote inataka shina. Hupanda asubuhi na kurudi jioni kuchonga kipande chembamba cha karara ili tembo liendelee kutona, na kisu kinachoning'inia ovyo kingemuua. Wanaume waliovaa kikoi walikuwa na kibindo, lile pindo la kiunoni ambamo hela, tumbaku na kijisu viliweza kukaa pamoja.

Lakini kiuno kina kasoro inayojulikana na kila aliyewahi kuvaa kisu kirefu akaketi: mpini hupanda mbavuni, ala ikasukuma paja. Wafini waliitatua vizuri kuliko wote ninaowajua. Kisu chao, puukko, huzama ndani ya ala ya ngozi hadi sehemu kubwa ya mpini ifunikwe, hivyo hakihitaji kifungo cha kukishika. Ala yenyewe hufungwa kwenye mshipi kwa kitanzi kilicholegea. Mtu akiketi juu ya gogo au ndani ya mtumbwi, kisu hujisogeza chenyewe pembeni. Akisimama hurudi kuning'inia wima. Wavuvi, wakata miti, wakulima na watoto wao walivaa kifaa kilekile, na mji wa Kauhava ukapata sifa yake kwa kukitengeneza.

Penye joto na majoho mapana mambo yalikwenda njia nyingine. Watuareg wa Sahara, ambao nguo zao hufunika kiuno kwa marefu ya kitambaa, waliweka kisu kwenye mkono wa kushoto, ndani ya mkono wa joho. Ala ya kisu hicho, telek, ina pete ya ngozi inayovishwa mkononi, na mpini unaelekea kiganjani, hivyo mkono wa kulia ukivuka kidogo tu unakikuta.

Kuna mpango mmoja uliobuniwa na watu walio mbalimbali, nao unanivutia kuliko yote: kisu kikubwa kumbeba mdogo wake. Majambia mengi ya Oman, yale yanayovaliwa katikati ya tumbo na ambayo picha yake imo kwenye bendera ya nchi hiyo, yana kijisu kilichochomekwa nyuma ya ala, upande unaofichwa na mwili. Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, majambia hayo yalikuja pamoja na watu wake. Jambia ni heshima. Mwenye nalo anaweza kumaliza miaka asilichomoe hata mara moja. Kijisu cha nyuma ndicho kinachokata kamba na kumenya tunda. Japani, ala za panga za samurai zilikuwa na mfereji ubavuni, na humo mlilala kisu chembamba cha kazi ndogondogo. Uskoti nako, ala ya jambia la nyanda za juu ilikuwa na vijumba viwili, kimoja cha kijisu na kingine cha uma. Wageni wanaopiga picha huuona ukubwa, ilhali mkono wa mwenyewe humfuata mdogo.

Waskoti haohao wana kisu cha kwenye soksi, sgian-dubh, kinachovaliwa hadi leo harusini pamoja na kilti, vazi lisilo na mifuko. Soksi ilikuwa ghala la kisu tangu zamani zaidi. Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, anamtaja katika The Canterbury Tales msagishaji mmoja wa Trumpington aliyechomeka kisu cha Sheffield ndani ya soksi yake ndefu. Hapo tunajua kwamba Sheffield ilikuwa tayari na jina kwa visu zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Enzi hizo mtu wa Ulaya aliyealikwa chakula alikwenda na kisu chake mwenyewe. Mwenyeji hakuwawekea wageni visu mezani. Desturi hiyo ilipofifia, na mifuko ikaanza kushonwa ndani ya makoti na suruali za wanaume katika karne ya 17, kisu kilipata nyumba mpya kabisa. Nyumba hiyo ilikuwa na sharti gumu. Kisu chenye ala kikiwekwa mfukoni hujichomoa na kutoboa kitambaa, na paja liko hapo chini. Ilibidi kisu kijifiche ndani ya mpini wake.

Wazo la kukunja kisu halikuwa geni. Warumi walikuwa na visu vya kukunja vyenye mipini ya mfupa na shaba iliyochongwa sura za wanyama na watu. Kilichokosekana ni kitu cha kukizuia kisifumke wala kujifunga juu ya vidole. Mafundi wa Sheffield wa karne ya 17 walieneza springi bapa iliyolala mgongoni mwa mpini, ikibana shina la bapa la kisu likiwa wazi na likiwa limefungwa. Kipande hicho cha chuma ndicho kilichofanya iwezekane kutembea na makali juu ya paja siku nzima na kuyasahau.

Wanawake walikuwa na mifuko yao, na hapa historia imekuwa na uvivu. Kuanzia karne ya 17 hadi ya 19 wanawake wa Ulaya walifunga kiunoni, chini ya sketi, mifuko ya kitambaa iliyoshikwa na utepe. Mkono uliifikia kupitia mpasuo wa sketi. Humo mlikaa mikasi, sindano, funguo na visu vidogo. Mitindo ya magauni membamba ilipoingia karibu na mwaka 1800, mfuko huo ulivimbisha gauni, ukafukuzwa, na vitu vyote vikahamia kwenye vikoba vya mkononi. Tangu hapo nguo nyingi za kike zimeshonwa bila mifuko ya maana, na mwanamke anayehitaji kisu shambani au sokoni hukipeleka kwenye kikapu au hukichomeka kiunoni mwa kitenge kilichofungwa imara. Kwa maoni yangu hilo ni deni ambalo washonaji hawajalilipa.

Mwisho wa karne ya 19 ulijaa visu vya mfukoni. Serikali ya Japani ilipiga marufuku kubeba panga hadharani Machi 1876, na katika miaka ya 1890 mji wa Miki ulianza kufua higonokami, kijisu cha kukunja chenye mpini wa bati lililopindwa, cha bei ndogo kiasi cha mwanafunzi kumudu kwa kuchongea penseli. Mwaka 1890, huko Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel alitengeneza kisu cha mpini wa mbao ambacho baadaye kilitolewa kwa saizi zilizopewa namba kutoka 1 hadi 12. Namba 1 ilikuwa ndogo mno, ikiwa na pete ya kuitundikia kwenye mnyororo wa saa. Mwaka 1955 visu hivyo viliongezwa pete ya chuma inayozungushwa kulifunga bapa lisirudie vidole.

Uswisi, jeshi lilitaka kila askari awe na kisu chenye vifaa vya kufungulia makopo na skurubu za bunduki. Shehena ya kwanza ilitoka Solingen, Ujerumani, maana Waswisi hawakuwa na kiwanda cha kutosha. Karl Elsener, fundi wa kijiji cha Ibach aliyefungua karakana yake mwaka 1884, alipeleka visu vyake jeshini mwaka 1891. Kisu cha askari kilikuwa kizito mfukoni. Elsener akakaa na tatizo hilo la uzito hadi akagundua kwamba springi moja inaweza kubana vifaa pande zote mbili za mpini, juu na chini. Tarehe 12 Juni 1897 aliandikisha rasmi kisu chepesi zaidi, kisu cha ofisa, na ndicho kilichozaa vile vyekundu vyenye msalaba mweupe tunavyovijua. Kampuni yake ikaitwa Victorinox, jina lililobeba kumbukumbu ya mama yake Victoria. Kadiri miaka ilivyokwenda vilitokea vidogo vya milimita 58, vya kukaa na funguo kwenye pete moja.

Tatizo la mfuko lililobaki ni kwamba kisu huzama chini kabisa, chini ya sarafu na leso, kikagongagonga paja. Mwaka 1981 Sal Glesser wa Spyderco, huko Colorado nchini Marekani, alitoa kisu chenye kibanio cha chuma ubavuni na tundu la mviringo kwenye bapa. Kibanio hushika ukingo wa mfuko ili kisu kikae juu, wima. Tundu huruhusu kidole gumba kulifungua kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kamba au ngazi. Leo visu vya namna hiyo viko kila soko.

Wako watu ambao kwao kutembea na kisu ni ibada. Tangu Guru Gobind Singh, kiongozi wa dini ya Makalasinga, alipoanzisha jumuiya ya Khalsa huko Anandpur, India, mwaka 1699, Kalasinga aliyebatizwa huvaa kirpan kila wakati. Wengi huitundika kwenye mkanda wa kitambaa unaokatiza kifua, chini ya shati. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba mwanafunzi wa Quebec ana haki ya kuja nayo shuleni, kwa masharti: iwe ndani ya ala ya mbao, ala ivingirishwe kitambaa kigumu na kushonwa, na yote ikae chini ya nguo.

Sheria nyingine zilibana mlango. Uingereza, kwa sheria ya 1988, huruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kutoa sababu. Lakini mwaka 1993 mahakama ilisema kisu chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo. Hivyo kifaa kilichobuniwa kulinda vidole vya mwenyewe kinamweka mahali pa kujieleza mbele ya polisi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, nchini Marekani, visu vya funguo vikajaa masanduku ya wakaguzi kwenye viwanja vya ndege, na mauzo ya Victorinox yakaporomoka. Machi 2013 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitangaza kuruhusu tena visu vidogo ndani ya ndege. Wahudumu wa ndege walipinga vikali, na Juni mwaka huohuo mpango ukafutwa.

Mei 2024 Carl Elsener, wa kizazi cha nne katika familia ya Ibach, alieleza kwamba Victorinox ilikuwa ikibuni kifaa cha mfukoni kisicho na makali kabisa, akitoa mfano wa waendesha baiskeli, kwa sababu nchi zinazozuia visu zinaongezeka. Vile vyenye makali, alisema, vitaendelea kutengenezwa.