Kumba, Maradufu na Turubai: Chombo Kinapolala Nchi Kavu

Mwenye chombo wa pwani huiogopa mvua kuliko bahari. Mbao iliyolowa chumvi haiozi upesi, maana kuvu wanaoula mti hawaipendi chumvi. Kinachoiozesha ni maji ya mvua yaliyotuama ndani, siku nenda siku rudi, hata ubao ukabonyea kwa kidole. Jua nalo huzikausha mbao mpaka zikaachana na kalafati ikachomoza. Kwa hiyo kusi likichacha na mashua ikavutwa juu ya mchanga, swali ni moja: ifunikwe kwa nini?

Jibu la kale lilikuwa mnazini. Kumba, lile kuti bichi lililosukwa upande kwa upande, halikugharimu ila jasho. Maji yaliteleza juu yake na upepo ukapita chini yake. Unyevu wa ndani ukapata pa kutokea. Lilikuwa na kasoro zake, panya na moto zikiwa mbele, na halikukaa miaka mingi. Lakini lilipumua, na hilo ndilo tulilokuja kulisahau.

Kisha vikaja vitambaa. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya sultani Seyyid Said na Marekani, majora ya pamba kutoka Massachusetts yalimiminika Unguja, na watu wakakiita kitambaa hicho amerikani. Kwa matanga palikuwa na maradufu, kitambaa kizito chenye jina linalojieleza. Pamba iliyofumwa kwa kubana ina akili yake: ikilowa, nyuzi huvimba na kuziba matundu, ikikauka, matundu hufunguka. Adui yake ni ukungu. Mabaharia wa Ulaya walipambana naye kwa kupaka kitambaa lami ya misonobari, na jina la Kiingereza la kitambaa hicho cha lami ndilo lililotuachia neno turubai.

Turubai letu la leo halina lami wala pamba. Mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, jaribio lililokwenda kombo liliacha masalia meupe kama nta. Hayo yalikuwa polithini, ambayo sasa hufumwa kuwa yale maturubai ya buluu yaliyojaa madukani. Ni mepesi na ya bei nafuu, lakini jua la ikweta huyatafuna mpaka yakapukutika vipandevipande, na yakifungwa barabara jasho la mbao hubaki ndani. Mtu hudhani amekinga mashua, kumbe ameifukiza.

Mwaka 1961 kampuni ya Glen Raven ya North Carolina ilileta kitambaa cha akriliki kiitwacho Sunbrella, kwanza kwa vivuli vya madirisha. Rangi yake hutiwa kabla uzi haujavutwa, ndiyo maana hakichujuki upesi, tena kinapumua. Wenye mashua za starehe wanakisifu, na wana haki. Mvuvi wa ngalawa akisikia bei yake atacheka tu.

Yeye hutafuta bango kuukuu la matangazo, plastiki nene ya PVC yenye nyuzi ndani. Nalo halipumui. Basi hulaza mti juu kutoka omo hadi tezi, akalitandaza kama paa la banda, ncha mbili akaziacha wazi. Upepo unaingia omo, unatokea tezi, na msichana wa tangazo la simu anatabasamu kichwa chini hadi kaskazi ianze.