Nasaba ya Mama Mjane: Habari ya Bibi Amina na Kukabidhiwa Mtoto kwa Mlezi

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemwumba mwanadamu kutokana na maji, kisha akamjaalia kuwa na ujamaa wa damu na ujamaa wa ndoa. Tunamwomba amshushie rehema na amani Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima akawa mlezi wa mayatima, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu,

Leo tutazungumza habari ya mama aliyefiwa na mumewe naye ana mtoto mchanga, ikawa hana budi kumkabidhi mtoto yule kwa watu wengine wamlee. Jambo hili hutokea katika miji yetu na katika vijiji vyetu. Mara nyingi mtoto huchukuliwa na bibi yake, au shangazi yake, au mama yake mdogo. Na mara nyingine huchukuliwa na watu wasiokuwa na udugu naye. Na kila linapotokea, watu huuliza: Mama huyu ni nani, na watu wake ni akina nani?

Swali hili ni la haki, lakini lina njia mbili za kuulizwa. Yuko anayeuliza ili ampime mtoto, ajue atamletea faida gani. Na yuko anayeuliza ili nasaba ya mtoto ihifadhiwe, asije akakua hajui alikotoka. Katika maisha ya Bwana Mtume (s.a.w.) tunaziona njia zote mbili, kwani yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mjane, naye alikabidhiwa mlezi angali mchanga.

Mama yake ni Bibi Amina binti Wahab, wa ukoo wa Bani Zuhra katika Makureshi. Baba yake, Wahab bin Abdi Manaf bin Zuhra, alikuwa mkubwa wa ukoo huo. Mama yake Bibi Amina ni Barra binti Abdil-Uzza, wa Bani Abdid-Dar, ambao ni Makureshi vile vile. Mumewe, Abdallah bin Abdil-Muttalib, alikuwa wa Bani Hashim. Nasaba ya mume na nasaba ya mke zinakutana kwa babu yao Kilab. Basi kwa upande wa heshima ya ukoo, mama huyu hakuwa na upungufu wowote.

Lakini heshima ya ukoo si mali. Abdallah alitoka kwenda katika biashara upande wa Sham, na alipokuwa akirejea akashikwa na maradhi, akabaki Yathrib kwa Bani Najjar, ambao walikuwa watu wa mama yake Abdul-Muttalib. Akafia huko, akazikwa huko, naye angali kijana. Wanazuoni wengi wanasema kwamba wakati huo Bibi Amina alikuwa na mimba. Urithi aliouacha, kama walivyopokea wanahistoria, ni ngamia watano, kundi dogo la kondoo na mbuzi, na kijakazi wa Kihabeshi aitwaye Baraka, ambaye ndiye Ummu Ayman. Mtoto akazaliwa katika Mwaka wa Ndovu, yaani karibu na mwaka 570, na baba yake keshatangulia.

Ilikuwa desturi ya watu wakubwa wa Makka kuwapeleka watoto wao wachanga jangwani, ili wapate hewa safi, wajenge miili, na wajifunze Kiarabu fasihi. Mtume (s.a.w.) alinyonyeshwa kwanza na Thuwaiba, mjakazi wa ami yake Abu Lahab, kwa siku chache. Kisha wakaja wanawake wa Bani Saad, tumbo katika kabila la Hawazin, wakitafuta watoto wa kunyonyesha. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Nchi yao ilikauka, na wanyama wao walikonda.

Kila mmoja wa wanawake wale alionyeshwa mtoto wa Bibi Amina, na kila mmoja alipoambiwa kuwa ni yatima alimwacha. Walisema mnyonyeshaji hutaraji wema kutoka kwa baba wa mtoto. Basi mama na babu wangefanya nini?

Hapa, ndugu zetu, inafaa tusimame kidogo. Wanawake wale walikuwa maskini, nao walikuja kutafuta riziki katika mwaka wa njaa. Hatuna sababu ya kuwatukana. Lakini tutazame namna walivyouliza. Waliuliza habari za mama na watu wake, na jibu likawa mbele yao: Bani Zuhra, Bani Hashim, Abdul-Muttalib mkubwa wa Makka. Hayo yote hayakuwatosha, kwa sababu waliyapima kwa mfuko wa baba aliyekwisha kufa. Huyo ndiye mtoto waliyemwacha! Mwenye kumpima mtoto kwa hali ya mamake mjane hajui ni nani anayemwacha.

Aliyebaki bila mtoto ni Halima binti Abi Dhuaib. Alimwambia mumewe, Harith bin Abdil-Uzza, kwamba anaona haya kurudi na wenzake mikono mitupu, na kuwa atakwenda kumchukua yule yatima. Mumewe akakubali, akitumai huenda Mwenyezi Mungu akawatilia baraka kwa ajili yake. Na baraka ikapatikana. Maziwa yaliyokuwa yamekauka yakajaa, na punda aliyekuwa akibaki nyuma ya msafara akawa mbele.

Baada ya miaka miwili Bibi Halima alimwachisha ziwa, akamrudisha kwa mamake Makka. Alitamani sana kuendelea kukaa naye, lakini hakuondoka naye kwa siri wala kwa nguvu. Alimwomba mama mtu, akitaja hofu ya maradhi ya Makka, na mama akaridhia. Na alipomrudisha mara ya mwisho, mtoto yu karibu na umri wa miaka mitano, alimkabidhi kwa mikono ya yule yule aliyemzaa. Muda wote ule mtoto aliitwa Muhammad bin Abdallah. Hakuitwa mwana wa Harith, ingawa Harith ndiye aliyemlisha na kumlinda. Mlezi alipata mapenzi ya mtoto, na mama hakupokonywa umama.

Ndugu Waislamu,

Tazameni tena alivyofanya Bibi Amina alipompata mwanawe. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka sita, alifunga safari naye pamoja na Ummu Ayman mpaka Yathrib, akamwonyesha jamaa zake wa Bani Najjar katika mji aliozikwa baba yake. Safari ile ilikuwa ndefu na nzito kwa mwanamke mjane. Walipokuwa njiani kurejea, Bibi Amina aliugua, akafariki mahali paitwapo Abwaa, baina ya Makka na Madina. Ummu Ayman akamchukua mtoto mpaka kwa babu yake, na babu alipokufa, mtoto akiwa na miaka minane, akalelewa na ami yake Abu Talib, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na Abdallah.

Jambo la mwisho alilomfanyia mwanawe mama huyu ni kumjulisha watu wake. Na matunda yake yalionekana. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, alifikia kwa Abu Ayyub, naye ni mtu wa Bani Najjar. Watu wa upande wa mama, Bani Zuhra, hakuwasahau. Alikuwa akimwita Saad bin Abi Waqqas mjomba wake, na akijivunia ujomba huo mbele ya watu. Na ilipokelewa kwamba alilizuru kaburi la mamake, akalia hata akawaliza waliokuwa pamoja naye.

Udugu wa kunyonya nao haukupotea. Baada ya vita vya Hunain, mwaka wa 8 wa Hijra (630), walitekwa watu wa Hawazin wanaotajwa kufikia 6,000. Miongoni mwao alikuwamo Shaima, binti yake Bibi Halima. Alipoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) alisema kuwa yeye ni dada yake wa kunyonya, akamwonyesha alama ya jino aliyomwachia utotoni. Mtume (s.a.w.) akamtandikia joho lake akamkalisha, akampa hiari ya kukaa au kurudi kwao; naye akachagua kurudi, akapewa zawadi. Kisha ujumbe wa Hawazin ukaja, ukamkumbusha kwamba katika mateka wale wamo waliomnyonyesha na kumlea. Akasamehe fungu lake na fungu la jamaa zake, na Muhajirina na Ansari wakamfuata.

Fikirini, kama Bibi Halima angemficha mtoto nasaba yake, au Bani Hashim wangemficha jina la mlezi wake, nani angemtambua Shaima siku ile?

Katika zama za Ujahilia ilikuwako desturi nyingine, ya kumfanya mtoto wa mtu kuwa mwana wa kupanga, akapewa jina la mlezi na kuhesabiwa kama aliyezaliwa naye. Zaid bin Haritha, wa kabila la Kalb, alitekwa angali mdogo, akauzwa, akafika katika nyumba ya Bibi Khadija, naye akampa Mtume (s.a.w.). Baba yake na ami yake walipopata habari zake, walikuja Makka kumkomboa. Mtume (s.a.w.) hakudai fidia, alimpa Zaid hiari, na Zaid akachagua kubaki naye. Ndipo akaitwa Zaid bin Muhammad. Lakini zilipoteremka aya za Sura ya 33, Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, Mwenyezi Mungu aliamrisha watoto waitwe kwa baba zao waliowazaa, na wasiojulikana baba zao wahesabiwe kuwa ndugu katika dini. Zaid akarejea kuitwa Zaid bin Haritha. Je, alipungukiwa na mapenzi? La! Yeye ndiye aliyekabidhiwa jeshi la watu 3,000 katika vita vya Muta, mwaka 629, akafa shahidi huko. Na katika masahaba wote ni yeye peke yake aliyetajwa kwa jina katika Kurani.

Kutokana na historia hii wanazuoni wetu wametoa mafunzo yanayopasa kujulikana katika kila nyumba. Kumlea mtoto wa mwenzio ni ibada kubwa, na mlezi wa yatima ameahidiwa kuwa karibu na Mtume (s.a.w.) Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Lakini kulea hakubadilishi nasaba. Mtoto hurithi kwa wazazi wake waliomzaa. Hata aliye tumboni baba anapokufa huwekewa fungu lake. Mlezi akitaka kumpa chochote baada ya kufa kwake, anayo njia ya wasia, usiozidi theluthi ya mali. Mali ya yatima ni amana, na siku ya kumrudishia waletwe mashahidi. Na kunyonya kunaharimisha ndoa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, ni kunyonya mara tano katika miaka miwili ya mwanzo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikataa kumwoa binti wa Hamza, kwa kuwa yeye na Hamza walinyonya kwa mama mmoja, Thuwaiba.

Basi mwenye kuficha nasaba kwa kisingizio cha huruma hufungua mlango wa madhara. Mtoto huenda akaposa dada yake wa damu au wa kunyonya bila ya kujua. Huenda fungu lake la urithi likaliwa na wengine. Na siku atakapoambiwa ukweli na mtu wa barabarani, imani yake kwa waliomlea itavunjika.

Hata mataifa ya ulimwengu, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, yalikiri haki ya mtoto kuhifadhiwa jina lake na ujamaa wake, na kifungu cha 20 cha mkataba huo kinaitaja kafala ya Kiislamu miongoni mwa njia za kumtunza mtoto aliyekosa malezi ya kwao. Lililoandikwa mwaka ule sisi tulikuwa nalo tangu zama za Madina.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunausia hivi. Mjane anapomkabidhi mwanawe kwa mlezi, yaandikwe mbele ya mashahidi majina ya baba na ukoo wake, jina la mama na wazee wake, wajomba na ami wa mtoto na mahali wanapokaa, mali aliyoachiwa, maradhi yanayojulikana katika ukoo, na majina ya wanawake wote waliomnyonyesha. Asidharauliwe mama kwa ufukara wake, wala asiulizwe maswali ya kumwaibisha. Aachiwe mlango wazi wa kumzuru mwanawe. Na tusikimbilie kumtenga naye. Mara nyingi mjane hakosi mapenzi ya kulea, hukosa chakula na kodi ya nyumba. Mwenye kumsaidia akabaki na mwanawe, huyo naye amemlea yatima.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mayatima wetu, waonee huruma wajane wetu, na ututie katika nyoyo zetu upole wa Bibi Halima na uaminifu wake. Utusamehe sisi na wazazi wetu, na uwarehemu waliotulea. Amin.