Meya Binti Kenyatta

Wengi husema Margaret Wambui Kenyatta alibebwa na jina. Sikatai: meya wa Nairobi alichaguliwa na madiwani, na diwani gani angemnyima kura binti wa rais? Lakini hakudekezwa. Alizaliwa 1928, akalelewa na mamake, Grace Wahu; babake, Jomo, alikuwa Ulaya kuanzia 1931 hadi 1946. Udiwani aliuanza 1963, miaka saba kabla ya kuvishwa mkufu wa umeya.

Alikuwa Mwafrika wa kwanza kati ya wanawake kuupata. Gwladys Delamere, mke wa lodi mlowezi, alikwisha kuuvaa Nairobi ikiwa ya wakoloni. Mwaka 1976 Margaret aliuvua, akaenda kuiwakilisha Kenya katika shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, palepale Nairobi.