Kenya na Mali ya Wanandoa: Mizani Iliyotoka Ng'ambo

Askari aliyeko kambini hupeleka mshahara nyumbani. Mkewe hununua tofali, humsimamia fundi, hulima na kulea watoto, lakini hati ya kiwanja huandikwa jina la mume. Ndoa ikivunjika, nyumba ile ni ya nani?

Kwetu Tanzania, Bunge lilijibu katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 114 kinaiagiza mahakama kuangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Je, kupika na kulea ni kazi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba ni kazi, ingawa mwanamke aliyekata rufani hiyo alishindwa.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mahakama Kuu yao iliamua kutumia sheria ya Uingereza ya 1882 juu ya mali ya wanawake walioolewa. Hebu fikirini: sheria hiyo ilitungwa miaka 13 kabla Kenya haijatangazwa kuwa himaya ya Mwingereza, nayo ikawa mizani ya taifa huru! Kwa Waingereza wa zama zile ilikuwa hatua kubwa, kwani ilimpa mke haki ya kumiliki chake. Lakini haikumpa hakimu mamlaka ya kugawa. Ilimruhusu kutamka tu mali ni ya nani. Hivyo mke mwenye mshahara na stakabadhi alisikilizwa, naye mwenye jembe akaulizwa fedha zake ziko wapi.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilianza kuihesabu kazi ya nyumbani. Mwaka 2007 majaji watano wa mahakama hiyohiyo wakairudisha nyuma hatua hiyo, wakitaka mchango wa fedha. Kwa maoni yetu, uamuzi huo uliwaumiza zaidi wanawake wa mashambani, ambao ndio waliokuwa wakiyatunza mashamba ya waume walioajiriwa mijini.

Ndipo Katiba ya 2010, katika ibara ya 45, ilipowapa wanandoa haki sawa hata ndoa inapovunjwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaiondoa ile ya 1882, ikataja waziwazi kwamba kazi ya nyumbani, malezi na kilimo ni mchango.

Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki sawa si lazima iwe nusu kwa nusu. Kila upande uthibitishe mchango wake. Katika shauri hilo mke alipata nusu, naye alikuwa ameajiriwa na alikuwa amechukua mikopo. Asiye na mshahara atalazimika kuieleza mahakama miaka yake ya jembe na jiko, naye hakimu ataipima.