Nishani Vifuani: Kusoma Picha za Zamani za Familia za Kyela

Picha za zamani za wazee waliovaa nishani, zinazotunzwa na familia za Kyela na za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ni hati za kihistoria zenye uzito uleule wa barua au daftari la serikali, kwa sababu kila nishani ilitolewa kwa kanuni maalumu iliyotaja mahali, muda na aina ya utumishi. Maelezo yanayorithiwa pamoja na picha hizo mara nyingi huwa mafupi, kama vile kusema tu kwamba babu alikwenda Burma, na hapo ndipo uchunguzi wa kifua chenyewe unapoweza kuthibitisha kauli ya familia, kuisahihisha, au kuongeza safari ambayo wajukuu hawakuwahi kusimuliwa.

Mwambao huu una utata ambao sehemu nyingine za Tanzania hazina. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa karibu kwa lugha na asili, lakini mpaka wa kikoloni uliofuata Mto Songwe uliwaweka chini ya Wajerumani upande mmoja na Waingereza upande wa pili. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, kikosi cha Wajerumani kilichokuwa na kambi Masoko, kusini mwa Tukuyu, kikiongozwa na Kapteni von Langenn-Steinkeller, kilivuka Songwe na kupambana na Waingereza karibu na Karonga tarehe 9 Septemba, kikashindwa. Mei 1916 majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini na kuitwaa wilaya yote ya Langenburg, ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake. Kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja waliweza kutumikia majeshi mawili yenye uadui, na swali la kwanza mbele ya picha ya enzi hizo ni mzee alivaa nishani ya dola ipi.

Askari Mwafrika wa jeshi la Kijerumani aliyesifiwa kwa ushujaa aliweza kupewa nishani ya fedha ya Prussia, ya mviringo, yenye maneno *Krieger Verdienst* ndani ya shada la majani, ikining'inia kwenye utepe mweusi na mweupe. Utepe ni kile kitambaa chembamba cha rangi kinachoshikilia nishani, na ndicho kinachovaliwa peke yake siku zisizo za sherehe. Sare husaidia kuliko nishani katika picha za kipindi hiki, kwani tai wa chuma aliyebandikwa mbele ya kofia hutambulika hata pale ambapo kifua kimefifia.

Upande wa Waingereza, askari wa King's African Rifles, maarufu kama KAR, aliyepigana tangu mwanzo alistahili nishani tatu. Ya kwanza ni Nyota ya 1914–15, ya shaba nyeusi, yenye ncha nne ambapo ile ya juu imekaliwa na taji, na panga mbili zilizopishana katikati. Ya pili ni nishani ya fedha yenye sura ya Mfalme George V upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Ya tatu, ya shaba, ina sura ya kike yenye mabawa, ishara ya ushindi, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Namba, cheo, jina na kikosi cha mwenye nishani vilichapwa kwenye ukingo wa zile mbili za mviringo na nyuma ya ile nyota, jambo lenye thamani kubwa kwa familia ambayo bado ina nishani yenyewe sandukuni. Hata hivyo, mzigo mkubwa wa vita ile ulibebwa na wapagazi, walioitwa tengatenga upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), wakapeleka risasi na chakula cha majeshi ya Northey milimani na mabondeni, na wengi wao walirudi vijijini bila kipande cha chuma. Si haki kuhesabu utumishi wa ukoo kwa picha zenye nishani peke yake.

Si kila nishani ni ya vita. Baada ya utawala wa kupitia machifu kuwekewa sheria mwaka 1926, Waingereza waliwatuza machifu kwa Nishani ya Mfalme kwa Machifu wa Afrika, ambayo ina umbo la duaradufu na ilivaliwa shingoni, si kifuani. Malafyale, yaani chifu wa Kinyakyusa, anayeonekana na nishani moja ya mviringo kifuani bila sare ya jeshi, huenda alipewa ile ya jubilei ya 1935, ya kutawazwa kwa mfalme ya 1937 au ya kutawazwa kwa malkia ya 1953.

Picha nyingi zaidi zinatokana na Vita Kuu ya Pili, na hapa kuna mtego mkubwa. Nyota zote za vita hiyo zina umbo moja la ncha sita, na tofauti yake ni maandishi madogo yaliyozunguka katikati, ambayo kamera ya studio ilishindwa kuyanasa. Kinachobaki ni utepe, nao katika picha isiyo ya rangi hudanganya, kwa kuwa filamu za aina ya zamani hazikuihisi rangi nyekundu, hivyo nyekundu ikatokea nyeusi na buluu ikatokea nyeupe au kijivu hafifu. Utepe wa Nyota ya Burma una mstari mpana mwekundu katikati na kingo za buluu iliyokoza zenye mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, na katika filamu hizo katikati huweza kuonekana peusi kuliko kingo, kinyume na anavyotarajia mtu anayeujua utepe halisi. Nyota ya Afrika, waliyopewa waliopigana Ethiopia na Somalia, ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati na mistari myembamba miwili ya buluu, mmoja umekoza na mwingine umefifia. Tofauti hiyo ya pande mbili ndiyo alama ya kutafutwa, kwa sababu utepe wa Burma unalingana kulia na kushoto. Unyevu wa Kyela, inayopata mvua nyingi kuliko karibu wilaya zote za nchi, huongeza kazi hii kwa kugandisha picha kwenye kioo cha fremu na kula weusi wake.

Mpangilio husaidia pale rangi inaposhindwa. Nishani hupangwa kuanzia katikati ya kifua kuelekea bega la kushoto la mvaaji, na Nyota ya 1939–45 hutangulia zile za Afrika na Burma, huku nishani ya mviringo yenye simba aliyesimama juu ya joka ikija mwishoni. Mtu mwenye nyota tatu mfululizo, ya pili ikiwa na utepe usiolingana pande zake, inaelekea alipita Ethiopia mwaka 1941, kisha akapelekwa Asia. Njia hiyo ilifuatwa na askari wengi wa Afrika Mashariki, ambao Divisheni yao ya 11 iliteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika Mto Chindwin mwezi Desemba. Mwenye nishani ya simba peke yake alitumikia jeshi, lakini huenda hakufika uwanja wa mapigano. Nishani zikionekana kifuani upande wa kulia, kuna maelezo mawili: ama picha ilisafishwa kwa kugeuza negativu, na hilo huthibitika vifungo vya koti vikiwa vimefungwa kinyume na desturi ya wanaume, ama mvaaji amebeba heshima ya marehemu, kwani desturi ya Kiingereza humtaka ndugu avae za aliyefariki upande huo. Mke au mtoto wa kiume aliyepigwa picha hivyo asichukuliwe kuwa ndiye mwanajeshi. Nishani za vita hii hazikuandikwa majina ukingoni, kwa hiyo hata iliyopo mkononi haisemi ni ya nani, na karatasi za kuachishwa jeshi, zikiwapo, ndizo zinazoiunganisha na mtu.

Katika picha za baada ya vita hiyo kuna utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani, wa Nishani ya Afrika, ambayo katika miaka ya 1950 ilitolewa ikiwa na kipande cha chuma chenye neno *Kenya* kwa waliotumwa kupambana na Mau Mau, wakiwamo askari wa Batalioni ya 6 ya KAR ya Tanganyika, kikosi ambacho mwaka 1961 kiligeuka kuwa sehemu ya Tanganyika Rifles. Utepe wa zambarau wenye kijani katikati, ukiwa na kipande chenye neno *Malaya*, unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa batalioni za Afrika zilizopelekwa huko zilitoka Nyasaland, Kenya, Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini. Unapopatikana katika picha ya familia ya Kyela, unaelekeza kwa mtu aliyevuka Songwe kwenda kuandikishwa upande wa pili, na utafutaji wa hati zake unafaa kuanzia Zomba, iliko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Malawi, kabla ya Dar es Salaam.