Kutoka Amani hadi Kagera: Utafiti Uliozaa Pasipotarajiwa

Kila msimu wa bajeti swali lilelile hurudi: utafiti huu una faida gani? Ni swali la haki, maana fedha ni za wananchi. Lakini wanaoliuliza mara nyingi hutaka jibu la papo hapo, tena kutoka ndani ya fani ileile iliyoomba fedha. Wa kilimo aonyeshe magunia, wa tiba aonyeshe dawa, na wa historia akae pembeni asubiri yatakayobaki.

Historia ya utafiti katika ardhi ya Tanzania inatufundisha vingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wataalamu wa mimea, mifupa, homa, vyuma, panya na masimulizi ya wazee wamefanya kazi katika nchi hii bila fani moja kuijali sana nyingine. Ukifuatilia walichokipata, utaona kwamba mara nyingi faida kubwa ilitokea mbali na pale ilipotafutwa. Makala hii inapitia mifano michache ya jambo hilo.

Mpira ulioshindwa, muhogo uliopona

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Shabaha yake ilikuwa wazi: kutafuta mazao yatakayoyatajirisha mashamba ya walowezi. Ikapandwa mimea ya kila pembe ya dunia, ikiwemo mikwinini, miti ya mbao, viungo na mipira. Mpira uliolimwa zaidi katika koloni hili ulikuwa ule wa Ceará, Brazil, ambao ni ndugu wa muhogo. Ulikuwa na maisha mafupi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mpira wa Asia ulifurika katika masoko ya dunia, bei ikaporomoka, mashamba yakaachwa. Miti yenyewe ilibaki, na majani yake yakaingia jikoni. Anayejua mboga za nchi hii anakijua kisamvu cha mpira.

Wakati huohuo muhogo ulikuwa na adui wake. Ugonjwa wa batobato, ambao mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Warburg aliueleza mwaka 1894 katika maandishi yake juu ya mazao ya Usambara, hulipiga jani likawa na mabaka ya njano, likajikunja na kusinyaa. Mmea hudumaa, na mkulima akichimba hukuta mizizi myembamba isiyotosha hata mlo mmoja. Husambazwa na nzi weupe wadogo, na pia na mkulima mwenyewe anapochukua pingili za mmea mgonjwa na kuzipanda msimu unaofuata.

Katika miaka ya 1930, Amani ikiwa sasa chini ya Waingereza, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walijaribu aina nyingi za muhogo na hawakupata kinga ya kutosha. Ndipo wakageukia jamaa za muhogo, na mmojawapo ni ule mti wa mpira uliokwisha kupoteza soko. Waliuzalisha na muhogo wakapata chotara wenye nguvu dhidi ya ugonjwa, ila mizizi yake haikuwa chakula. Ikabidi chotara hao wazalishwe na muhogo tena na tena, kizazi baada ya kizazi, wakichagua miche iliyobeba kinga ya mpira na mzizi wa muhogo kwa pamoja. Kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1950, wakati D. L. Jennings alipoishika.

Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Kutokana nazo ulichaguliwa muhogo uliopewa namba 58308, na kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko huko, IITA, iliutumia kuzalisha aina mpya. Batobato kali ilipoifyeka mihogo ya Uganda miaka ya 1990, aina zenye kinga hiyo zilikuwa miongoni mwa zile zilizorudisha chakula mashambani. Kama mtu angeifanyia Amani tathmini mwaka 1914, angeandika kwamba mpira wa Ceará ni hasara tupu. Ingehitaji miaka themanini hesabu hiyo igeuke.

Amani yenyewe haikukaa katika fani moja. Utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo yakapewa wataalamu wa malaria. Kati ya 1954 na 1959 taasisi yao iliendesha mradi mkubwa wa kupuliza dawa ya kuua mbu katika nyumba za Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya.

Daktari aliyeokota mifupa

Mwaka 1911 Wilhelm Kattwinkel, daktari wa Kijerumani, alikuja Afrika Mashariki kuchunguza ugonjwa wa malale. Alipofika kwenye bonde la Olduvai aliokota mifupa iliyogeuka mawe, ikiwemo ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Si mambo ya daktari. Lakini hakuyatupa: aliyabeba mpaka Ujerumani, na mwaka 1913 mwanajiolojia Hans Reck akatumwa kuchimba.

Miaka ikapita. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona kipande cha fuvu la jamaa wa kale wa binadamu kikichungulia ardhini katika bonde lilelile. Ulimwengu ulilipokea kwa jina la Zinjanthropus. Swali lililobaki lilikuwa la umri, na hilo mifupa peke yake haikuweza kulijibu. Jibu lilitoka kwa watu waliosoma volkano. Majivu ya volkano yana potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Ukipima kiasi cha gesi iliyonaswa ndani ya mwamba, unajua mlima ulilipuka lini. Mwaka 1961 vipimo vilivyofanywa California juu ya majivu ya Olduvai vilitoa umri wa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya ule uliokuwa ukikisiwa na akina Leakey. Historia ya binadamu ilirefushwa na daktari wa malale, mchimbaji wa mifupa na wapimaji wa gesi, ambao hawakuwahi kukaa darasa moja.

Homa ya Newala

Mwaka 1952 na 1953 watu wa nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, walipigwa na homa iliyokuja na maumivu makali ya viungo. Wenyewe waliipa jina kwa Kimakonde, kutokana na jinsi inavyomkunja mgonjwa: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yao mwaka 1955, na kirusi chenyewe kilitengwa kutokana na damu ya wagonjwa wa Newala, katika nyanda hizohizo.

Lumsden hakuishia kwenye damu. Aliangalia maisha ya watu. Katika nyanda zile maji ni ya shida: huchotwa mbali, mabondeni, na huwekwa akiba ndani ya nyumba. Kwenye vyombo hivyo ndimo mbu walimozaliana. Uchunguzi wa kirusi ulihitaji uchunguzi wa safari ya mwanamke kwenda kisimani.

Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulionekana kuwa jambo la mbali, la kuandikwa katika majarida na kusahaulika. Mwaka 2004 ulizuka Lamu, ukaenea mpaka visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika kisiwa cha Réunion pekee karibu theluthi ya wakazi waliugua kati ya 2005 na 2006. Mwaka 2007 ulifika Italia. Maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo yalikuwa bado zile kurasa zilizoandikwa juu ya Newala.

Swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ikigombaniwa. Erasto Mpemba aliingiza yake yakiwa bado moto, asije akaikosa. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha yalikuwa bado majimaji.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alifika Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, na Mpemba akaliuliza tena mbele ya wenzake: ukichukua maji ya kiasi sawa, moja nyuzi 35 na jingine nyuzi 100, ukayaweka pamoja kwenye jokofu, kwa nini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne alikiri kwamba hakuwa na jibu, akaahidi kupima, na aliporudi Dar es Salaam akapima kweli. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka.

Wanafizikia wanabishana hadi leo kama maji hufanya hivyo kila mara, na wapo waliopima wasilione jambo hilo. Lakini swali limepata maisha mengine. Katika miaka ya karibuni wanahisabati na wanafizikia wameonyesha kwamba mifumo ya aina nyingi, isiyohusiana na maji, inaweza kupoa haraka zaidi ikianzia kwenye joto kubwa zaidi, na wote hutumia jina la Mpemba katika kuieleza.

Wazee, tanuru na jarida

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo hicho cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee walioyashuhudia au kuyasikia kwa wazazi wao. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa kuwa wanahistoria wengi wa wakati ule waliamini kwamba pasipo karatasi hapana historia.

Imani hiyo ilivunjwa tena huko Buhaya, mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee juu ya mahali palipohusiana na chuma cha kale. Alipochimba, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka elfu mbili. Kisha, katika miaka ya 1970, yeye na Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani warudie kazi hiyo mbele yao.

Wazee walijenga tanuru. Chungu cha chini walikikandika kwa udongo wa kichuguu, wakakijaza matete ya kinamasi yaliyounguzwa. Wakapitisha mabomba ya udongo hadi ndani, wakatia mkaa na mawe ya chuma, vijana wakavukuta. Mavi ya chuma yalipodondoka juu ya majivu ya matete, yaliacha alama za mabua, na alama kama hizo zilikuwa zimekutwa katika matanuru ya kale yaliyochimbwa. Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha matokeo hayo. Hoja ya waandishi kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa ilizua mabishano marefu kati ya wataalamu. Jambo moja halikubishaniwa: ujuzi wa hali ya juu ulikuwa umehifadhiwa vichwani mwa watu ambao hakuna chuo kilichowahi kuwapa cheti.

Kutoka shamba la mahindi hadi uwanja wa mabomu

Mfano wa mwisho ni wa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wataalamu walichunguza panya kwa sababu inayoeleweka na kila mkulima: panya hufukua mbegu za mahindi zikiwa ndiyo kwanza zimefukiwa. Ujuzi huo wa kuwafuga, kuwapima na kujua tabia zao ulilivutia shirika la Ubelgiji liitwalo APOPO, ambalo tangu mwaka 2000 limeshirikiana na chuo hicho kufundisha panya buku kunusa. Panya huyo ana uzito wa takriban kilo moja, hivyo hukanyaga bomu la ardhini bila kulilipua. Akinusa baruti hukwaruza ardhi, na hulipwa kipande cha ndizi. Panya wa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu yanayojulikana, na pia Angola na Kambodia. Wengine hunusa makohozi yanayoletwa kutoka hospitalini ili kubaini kifua kikuu kilichopitwa na darubini.

Yanayotupasa

Mifano hii haisemi kwamba utafiti wowote ni mzuri ilimradi umefanyika. Kila mmoja wao ulikuwa na mtu makini, vipimo, na maandishi yaliyotunzwa. Storey na Nichols waliandika majaribio yao. Lumsden aliandika juu ya vyombo vya maji. Osborne alitimiza ahadi yake kwa mwanafunzi aliyechekwa. Pale ambapo kumbukumbu hazitunzwi, faida inayokawia haiwezi kuja, kwa sababu hakuna atakayejua pa kuitafuta.

Inasema pia kwamba wenyeji walikuwamo tangu mwanzo. Wazee wa Buhaya, wagonjwa wa Newala, vibarua wa Amani waliopanda na kupalilia maelfu ya miche, wote walitoa sehemu ya elimu hiyo, na wengi wao hawatajwi popote. Mtafiti wa leo anayo nafasi ya kuandika majina yao.

Kwa hiyo wenye mamlaka ya kugawa fedha wanapoambiwa wachague kati ya sayansi na historia, au kati ya maabara na masimulizi, wakatae uchaguzi huo. Mahitaji ya leo yapewe kipaumbele, ndiyo, lakini sehemu ya fungu ibaki kwa maswali ambayo faida yake haijaonekana. Maktaba na mikusanyo ya mimea, mifupa na kanda za sauti itunzwe kama mali ya taifa. Na vyuo vyetu viwakutanishe mara kwa mara watu wa fani zisizofanana, kwa kuwa kila mmoja wao anaweza kuwa ameshika kitu ambacho mwenzake amekuwa akikitafuta kwa miaka.