Hadithi na Jicho la Msimulizi

Wasikilizaji, watu wengi hudhani ya kuwa tukimhurumia mtu katika hadithi, ni kwa sababu ya wema wake. Mara nyingi sivyo. Twamhurumia kwa kuwa msimulizi ametuweka karibu naye, tukaona aonayo na kuogopa aogopayo. Jambo hili ladhihirika katika historia ya kisa mkijuacho wengi wenu tangu utotoni, kisa cha kima na papa.

Kisa hiki kimesafiri mbali. Kilikuwamo katika Panchatantra, kitabu cha Bara Hindi. Katika karne ya 6 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kipahlavi, lugha ya Waajemi wa zamani, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu, kikaitwa Kalila na Dimna. Kule Hindi mwenzi wa kima ni mamba. Katika Kiarabu ni kasa. Unguja ni papa, kama kisomekavyo katika hadithi alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870.

Mambo yenyewe hayakubadilika sana. Kuna marafiki wawili, mmoja wa mtini, mmoja wa majini. Kima aalikwa, apakiwa mgongoni, kumbe moyo wake watakiwa uwe dawa. Asema moyo ameuacha mtini; arudishwa pwani, aokoka. Walakini huruma yetu haikukaa mahali pamoja.

Katika Kiarabu twaingizwa ndani ya nafsi ya kasa. Mkewe ajifanya mgonjwa, naye kasa avutwa huku na huku, baina ya mke na rafiki. Akiwa majini asita, afikiri, aona haya. Twalijua kosa lake, na bado twamwonea uchungu. Katika kisa cha Unguja hatuonyeshwi vita vya moyo wa papa. Wafikapo katikati ya safari, amwambia mwenzake kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Tangu hapo twakaa mgongoni pamoja na kima; akili yake ikimwokoa, twafurahi. Wala hatuulizi kama sultani yule alipona au alikufa.

Waandishi wa zama za karibu waliitumia nguvu hii kwa makusudi. Mwaka 1886 ilichapishwa Kholstomer, hadithi ya Leo Tolstoy wa Urusi, ambamo farasi mzee aliyehasiwa awasimulia farasi wenzake maisha yake. Hapo mwanadamu, aliyezoea kusimulia habari za wanyama, asimuliwa yeye. Farasi astaajabu kwamba watu hupenda kuita ardhi, farasi, hata watu wenzao, mali yao. Jambo tulilolizoea laonekana geni, kwani limetazamwa na yule amilikiwaye.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Kadhi hana budi kusikiliza pande mbili. Hadithi fupi, kwa ufupi wake, mara nyingi ina nafasi ya upande mmoja tu. Hilo si aibu yake, bali ndiyo nguvu yake. Lakini msomaji mwenye busara, akiisha kulia au kucheka, na ajiulize: ni nani aliyesimulia, na ni nani asiyepewa nafasi ya kusema? Atakayezoea kuuliza hivyo katika hadithi atauliza vivyo hivyo asomapo habari za vita na za wafalme, ambazo kwa kawaida huandikwa na walioshinda.